Postikadi ya Mama Asiye na Miguu

Harufu ya thina ndiyo iliyonirudisha. Fundi alikuwa anachanganya rangi ya mafuta sebuleni kwangu, hapa Rusimbi, na mimi nimekaa kitini nikimsimamia, maana fundi usipomsimamia anakupakia maji. Alipofungua kopo, pua yangu ikawaka. Nikawa na miaka saba, nimesimama mlangoni kwa Fundi Salumu, Ujiji, nikiogopa kuingia.

Nisameheni nikisema ovyo. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini nyumba hii nimeijenga kwa dagaa wangu mwenyewe, sikujengewa na mume wala serikali, kwa hiyo nina haki ya kusema ninavyojua.

Fundi Salumu alikuwa mpiga picha. Aliweka kamera yake ya miguu mitatu katikati ya mtaa, akapiga nyumba, milango, watu wanaopita, kisha akatengeneza postikadi za kuwauzia wasafiri wa treni na meli. Picha zenyewe zilitoka nyeusi na nyeupe. Rangi alizipaka yeye, moja moja, kwa pamba aliyoizungushia kwenye kijiti, na rangi zake za mafuta zilinuka hivyohivyo, kama thina.

Katika picha moja ya mtaa wetu, mama yangu alikuwa anapita na kikapu kichwani. Baba alipoiona aliitaka. Wakati huo mama alikuwa amepanda boti kwenda kwao, kaskazini, karibu na mpaka wa Burundi, kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa. Baba akamwambia Fundi Salumu aipake rangi ile picha, ili mama akirudi ajikute ukutani. Siku chache baadaye akanituma niulize kama iko tayari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Njoo. Mama yako ndiye huyu?"

Nikatazama, nikarudi nyuma hatua mbili. Mtaa ulikuwa wa kijivu wote kama uliopakwa majivu. Mama alikuwa katikati, uso ameugeuzia upande, na chini ya kitenge hakuwa na miguu. Palikuwa na ukungu tu.

"Miguu yake iko wapi?"

"Alikuwa anatembea," akasema, bila kuinua kichwa. "Kamera yangu nzito. Haimnasi anayeondoka."

Aliyasema kama mtu anayeeleza bei ya viazi. Mimi nilitaka kukimbia. Lakini alikuwa ameanza kupaka, na macho yangu hayakubanduka. Mlango wa jirani ukawa bluu. Kanzu ya mzee mmoja ikawa nyeupe kuliko weupe wa karatasi. Watu walikuwa wanaamka kutoka kwenye majivu, mmoja baada ya mwingine, na mama bado.

"Picha haijui rangi," akasema. "Lazima nimuulize mtu. Siku ile mama yako alivaa kitenge gani?"

Nilikijua. Kilikuwa cha kijani chenye ndege wa njano, kitenge cha Kongo, ndicho hichohicho alichosafiri nacho, maana kizuri alikuwa nacho kimoja. Lakini kwenye kisahani chake palikuwa na rangi nyekundu inayong'aa kama mawese yaliyotoka kukamuliwa, na alikuwa hajaigusa. Nilitaka kumwona akiigusa.

"Chekundu," nikasema.

Akanitazama kidogo, akachukua penseli, akageuza picha na kuandika kitu nyuma. Kisha akachovya pamba. Mama akawaka.

Baba alipoletewa ile postikadi aliishika muda mrefu karibu na dirisha. Mimi nimejikunja pembeni nikingoja kuchapwa. Akasema, "Amependeza," akaenda kutafuta fremu. Nikajua baba hajui nguo za mkewe. Nilicheka peke yangu.

Siku za mama kurudi zikapita. Boti aliyopanda, tukasikia, haikufika ilikokwenda. Halafu asubuhi moja walikuja wanaume wawili kutoka Mwamgongo, wamelowa mpaka magotini, wakatusalimu "Mwakeye" na kuomba maji ya kunywa. Mkubwa wao akatoa kitambaa kilichofungwa kwenye jani la mgomba.

"Ziwa limetupa mwanamke ufukoni, Mzee. Sura haikutambulika, tumemzika. Tumekata pembe ya kitenge chake, tunapita nyumba kwa nyumba tukiuliza."

Akafungua. Kijani. Ndege wa njano mmoja mzima na wa pili nusu, amekatwa shingoni.

Baba alikitazama kile kitambaa bila kukigusa. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na fremu.

"Mke wangu huyu hapa," akasema. "Kitenge chake chekundu. Huyo wenu si wangu."

"Una hakika, Mzee?"

"Picha hii hapa. Hamna macho?"

Wakatazama picha, wakatazamana. Kisha yule mkubwa akanigeukia mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Nilikuwa nimeshika kanzu ya baba. Nikisema kijani, mimi ni mwongo na mama amekufa. Nikinyamaza, mama yuko hai mahali fulani na amevaa nyekundu. Hesabu ya mtoto ni nyepesi. Nikanyamaza. Wakafunga kitambaa chao wakaenda nyumba ya pili.

Hatukuweka matanga. Baba alisema mama yuko Kongo, atarudi na meli, na kila meli ilipofika alikwenda bandarini akiwa amevaa viatu.

Nami nikaanza kumwona. Naapa kwenu. Sokoni, katikati ya watu, mwanamke wa kitenge chekundu, kikapu kichwani, uso ameugeuzia upande. Mchana kweupe. Nikimfuata, watu wanafungana mbele yangu, na nikifika alipokuwa, hayupo. Mara moja, Bangwe, alipita karibu sana kwenye mchanga mbichi, nikatazama chini. Nyayo zilikuwa zangu tu. Nimekua naye, nimezeeka naye. Nilikuwa natafuta mwanamke niliyemtengeneza kwa mdomo wangu, na aliyekuwa wa kweli amelala Mwamgongo bila jina.

Mzigo huo niliubeba peke yangu mpaka juzi, fundi aliposema vitu vyote vishuke ukutani. Ile fremu mchwa walishakula mgongo wake. Alipoishika tu ikafunguka, postikadi ikaanguka kifudifudi. Mjukuu wangu Zaina akaiokota.

"Bibi, huku nyuma kuna penseli."

"Soma. Mimi macho yamechoka."

Akaipeleka mwangani. "Mlango, bluu, kasema mwenye nyumba. Kanzu, nyeupe. Kitenge, kijani, kasema mume. Hapa pamekatwa kwa mstari, Bibi. Chini yake: chekundu, kasema mtoto."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Kasema mume. Baba aliulizwa kabla yangu, na alijibu sawasawa. Alijua siku alipoletewa picha, akaniachia wekundu wangu kwa sababu ulikuwa wangu. Alijua pia siku ya jani la mgomba. Mimi nilidhani nimemdanganya baba. Kumbe tulikuwa wawili, tumemshika mama huku na huku asife, na kwa kumshika tukamnyima kaburi lake.

Ijumaa nilipanda boti kwenda Mwamgongo. Zaina alinikataza, nikamwambia alitafute ziwa lake la kukataza. Walinipeleka kwa kikongwe mmoja ambaye ndiye aliyebaki akikumbuka waliotupwa na ziwa. Alikuwa anachambua dagaa. Nikamsalimu, nikamweleza.

"Wapo wengi pale," akasema. "Mama yako alivaa nini?"

Nilifunga macho na nikamwona, mwekundu, uso upande, na neno lile likanijia mpaka kwenye meno.

"Kijani," nikasema. "Chenye ndege wa njano."

Mikono yake ikasimama.

"Kimekatwa pembe," akasema. Akajifuta magamba, akainuka, akatangulia mbele.