Hofu za Fundi Makochi

Fundi makochi alistaafu akabaki na kochi moja, la kwake. Upande aliozoea kukaa mkewe, sponji lilikuwa limeanza kuumuka upya tangu msiba, na yeye, pamoja na ufundi wake wote, hakujua namna ya kulizuia.

Mchana mmoja simu iliita. Ilikuwa sauti ya binti aliyekuwa akifanya utafiti wa dunia nzima kuhusu hatari zinazotishia usalama wa binadamu.

"Una nafasi kidogo, baba?"

Nafasi! Kama kuna kitu alichojaliwa, ni hicho.

"Vita kati ya mataifa makubwa. Vinakutia hofu?"

"Hata chembe," alijibu kiume.

"Sawa. Basi maswali yanayofuata nayaruka."

Fundi akashtuka. Kumbe asiye na hofu humalizwa haraka.

"Magonjwa ya mlipuko?"

"We! Hayo yananikosesha usingizi."

Maswali yakafunguka: tangu lini, kwa kiasi gani, nani alaumiwe. Kuanzia hapo fundi hakubakiza kitu. Aliogopa mafuriko, na anakaa ghorofa ya nne. Aliogopa wadukuzi, na simu yake ni ya vitufe na tochi. Silaha za nyuklia aliziogopa kwa mapana na marefu.

"Pole, baba. Ukitoa vita, hujaacha hata moja."

"Dunia imeharibika, binti yangu. Endelea, endelea."

Pengine lipo taifa ambalo tafiti ziliwahi kuliita la waoga kwa ushahidi mwembamba kuliko huo.

"Nyumbani mko wangapi?"

Fundi akanusa mwisho wa mazungumzo unakuja. "Wawili. Mimi na mama watoto." Akataja na umri wa mkewe, ule ambao hauongezeki tena.

Vibonyezo vikalia upande wa pili. "Sehemu ya mwisho, kompyuta huchagua mtu mmoja wa nyumba. Imemchagua mama. Naomba niongee naye."

Fundi akalitazama kochi. Katika hatari zote alizoziogopa mchana ule, hii haikuwamo.

"Ametoka."

"Nikipiga kesho saa hizi, nitampata?"

Hapo angeweza kusema kweli. Binti angempa pole, na simu ingekatwa kwa adabu.

"Wewe piga tu, mwanangu. Mimi nipo."

Kesho yake alinyoa ndevu, akaichaji simu mpaka ikajaa, akailaza upande wa mkewe. Sponji halikubonyea hata kidogo.