Kiti cha Mama Mkwe

Siku mume wangu aliponipigia simu kutoka Mikumi kuniambia nisogeze kabati la vyombo, nilikuwa naunga maharage, sikuwa na nafasi ya maswali mengi. Nikauliza moja tu: lisogee liende wapi? Akasema popote, mradi ukuta mrefu wa sebuleni ubaki wazi.

"Nakuja na spika," akasema. "Mbili. Za zamani, za mbao. Zile zenye sauti ya kweli."

Mume wangu ni seremala. Alikuwa amekwenda kupima milango ya nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa anafunga baa yake, akamwonyesha spika mbili zilizofunikwa shuka. Akamwambia kwamba enzi zake muziki ulikuwa unasikika mpaka hifadhini, na tembo walikuwa wanasogea karibu kusikiliza. Mume wangu akaamini. Mtu anayependa zilipendwa kama yeye huamini mambo mengi.

Zilifika Kilosa jioni, juu ya pikapu, zimefungwa mablanketi kama wagonjwa wanaopelekwa hospitali. Lazima niseme ukweli, zilikuwa nzuri. Zilinifika kiunoni, mbao yake nyekundu iliyokolea, kitambaa cha mbele cha kahawia chenye nyuzi za rangi ya dhahabu. Nikamuuliza kama alizisikia zikipiga.

"Umeme ulikuwa umekatika," akasema. "Lakini nilizigonga."

"Ulizigonga?"

"Mbao haidanganyi." Akaigonga moja kwa kidole, akaitegea sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

Mama mkwe alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti chake. Alihamia kwetu kutoka Mamboya mguu ulipoanza kumsumbua, akaja na vitu vichache: godoro, sufuria zake, kuku wawili na hicho kiti. Kusema kweli hakikuwa kiti, kilikuwa sanduku la mbao ambalo juu yake alifunga mto wa khanga. Hapo ndipo alipochambulia mboga, aliposalia, na aliponielekeza namna ya kupika. Hakuna mjukuu wala mgeni aliyeruhusiwa kukikalia. Alipoambiwa habari ya spika alisema "Mh," akaendelea na mchicha wake.

Nilitaka tuzijaribu jioni ile ile. Mume wangu akakataa. Spika kama hizi, alisema, hazijaribiwi, zinazinduliwa. Basi Jumapili mchana akaalika wenzake wa karakana, majirani wa pande zote mbili, na fundi redio wa sokoni ambaye alikuja na amplifaya yake. Nikapika pilau. Watu wakala, wakasifia mbao, na mume wangu akasimama kutoa hotuba fupi kuhusu muziki wa siku hizi kukosa adabu. Kisha akampa fundi ishara.

Gitaa la kwanza likaingia, au tuseme likajaribu kuingia. Ilisikika sauti ya mtu anayeimba akiwa ndani ya pipa, tena ana tonge la ugali mdomoni. Besi nayo ilikuwa inakwaruza kama mtu anayeburuta ndala. Mume wangu akafikiri ni suala la nguvu, akaongeza. Spika zikatetemeka, na chini ya kile kitambaa kizuri ukaanza kumwagika unga mweusi, kama pilipili manga iliyosagwa, kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi.

Jirani yetu mmoja, mzee ambaye huwa hasemi sana, akaweka sahani yake chini.

"Sasa nimeelewa tembo walikuja kufanya nini," akasema. "Walikuja kulalamika."

Watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Mume wangu naye akacheka, ila alichelewa kuanza na aliwahi kumaliza. Nilimwona masikio yamemshuka, nikamwonea huruma, nikampelekea soda ambayo hakuinywa.

Fundi akafungua kitambaa, akagusa duara la sponji linaloshika karatasi ya spika. Likamong'onyoka kwenye kidole chake kama keki iliyolala.

"Sponji ikizeeka inaoza, hata kama spika imekaa tu," akamwambia mume wangu kwa upole. "Mbao ni nzima kabisa. Lakini mbao haiimbi peke yake."

Akaja jikoni kunawa mikono. Mimi nilikuwa pale nikipakua pilau ya waliochelewa.

"Shikamoo, mama," akamwambia mama mkwe.

"Marahaba."

Akanawa, lakini hakuondoka. Alisimama mikono inamchuruzika maji, anatazama chini ya magoti ya mama mkwe, mpaka nikaanza kuona aibu kwa niaba yake.

"Mama, samahani. Hicho ulichokalia ni nini?"

"Ni kiti."

"Naona kina kitambaa mbele."

"Na wewe una shati."

"Naomba usimame kidogo nikitazame."

"Nina mguu mbovu. Kitazame nikiwa nimekaa."

Fundi akalala kifudifudi kwenye sakafu ya jiko langu, akawasha tochi ya simu. Mume wangu akaingia, akamkuta katika hali hiyo.

"Achana nayo, fundi. Hiyo ilikuwa spika ya marehemu baba. Ilikufa zamani."

Nami nikashangaa, maana miaka yote nilijua ni sanduku tu.

"Nani alisema imekufa?" fundi akauliza kutoka chini.

Mume wangu akamtazama mama yake. Mama mkwe akaondoa jani bovu kwenye mchicha, akalitupa.

"Mimi nilisema," akajibu. "Ningesema nzima, mngeniachia?"

Fundi akasema duara la hii ni la kitambaa, halina sponji ya kuoza. Akavuta waya kutoka sebuleni, akauunga nyuma ya kiti bila mwenyewe kunyanyuka, akaenda kuwasha. Wimbo ule ule ukatokea chini ya mama mkwe. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba gitaa lilikuwa gitaa. Ungesikia mpiga gitaa akihamisha vidole. Wageni wakaja na sahani zao, wakajaa mlangoni na kwenye ngazi za uani.

"Punguzeni," akasema mama mkwe. "Inanitetemesha mifupa." Lakini mguu wake mzima ulikuwa unapiga sakafu taratibu.

Wimbo ulipokwisha akatuambia jinsi mumewe alivyokuwa. "Alikuwa hataki hata kikombe kiwekwe juu ya spika hii. Nikipita na ndoo ya maji ananitazama kama mwizi. Tulipomaliza matanga nikaingia chumbani, nikaikalia. Nikamwambia, haya, sema sasa."

Sote tukacheka. Yeye alitutazama kwanza, kisha naye akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Mume wangu alimtengenezea kiti cha mninga chenye mikono, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya humu ndani. Mama mkwe alikikalia, akakisifia, akasema kitawafaa wageni. Kwa hiyo muziki wa nyumba yetu uko jikoni, na anayetaka kusikiliza sharti ashike kisu amenye kitu. Zile za Mikumi fundi alizishonea maduara ya ngozi laini aliyoikata kwenye mkoba wangu wa zamani. Zinafaa kwa taarifa ya habari, ingawa msomaji husikika kama ana mafua mwaka mzima.

Jumapili moja tukimenya viazi, mama mkwe akamweleza mwanawe jinsi ile spika ilivyofika nyumbani. Walishuka nayo kwenye treni hapa Kilosa, wakapanda lori, na lori likawaacha chini ya kilima. Baba akaibeba begani, na mama akafuata nyuma na mtoto mgongoni.

"Mtoto gani?" mume wangu akauliza.

"Wewe. Yeye alibeba spika, mimi nikakubeba wewe."

Mume wangu akamenya kiazi kizima akiwaza. "Na kipi kilikuwa kizito?"

"Wewe," akasema mama mkwe. "Spika ilinyamaza njia nzima."