Mkate Usiohesabiwa Chakula

Kageha alikuwa na miaka sita ya ndoa, na kwa miaka yote hiyo mama yake mzazi hakuwahi kuonja hata chumvi ya jikoni kwake. Hapakuwa na ugomvi. Ni mila tu: mama mkwe hali chakula kwa mkwewe, wala hawatazamani usoni. Ayuma, ndiye mama mwenyewe, alikuwa akitoka Mautuma, alikoishi na mwanawe wa kiume kwenye kipande cha shamba la mzungu aliyeondoka, akifika Amalemba, mtaa wa Kakamega alikoishi Kageha, anatua kikapu barazani, anauliza hali za watoto, kisha anaondoka na njaa yake. Kageha humsindikiza moyo ukimuuma. Yaani aliyemfundisha kushika mwiko asijue kama mwanafunzi alifuzu!

Safari iliyopita kikapu kilikuwa na donge la jibini, kazi ya Chemutai, jirani yao wa huko Mautuma. Kageha alipolishika akakumbuka mikate midogo ya jibini aliyoiona ikiokwa alipokuwa yaya kwa yule mzungu wa Mautuma kabla ya kuolewa. Papo hapo wazo likamjia, akacheka peke yake. Kakamega nzima yajua kwamba mtu anaweza kula mkate, viazi na ndizi juu yake, na bado akakwambia hajala, kwa kuwa hajaona obusuma, ugali wenyewe. Basi kama mkate si chakula, mama akiula atakuwa amevunja mila gani?

Jumamosi aliyotarajiwa Ayuma, mwaka wa pili wa Uhuru, Kageha aliamka na furaha ya mtoto wa sikukuu. Alikanda unga wa ngano na hamira hadi mikono ikamlegea, akaufunika kwa kitambaa, na kila mara akawa anafunua kuchungulia. Ulipoumuka vizuri alikata vidonge, akavijaza jibini na chumvi kidogo, akavipanga ndani ya sufuria kubwa. Makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Harufu ilipoanza kutoka alishindwa kukaa. Akazunguka jiko akiimba, akamwita jirani aje anuse, akamfukuza asije akaomba.

Ayuma alifika mikate ikiwa bado ya moto. Kageha alimwekea sahani barazani, akamweleza hoja yake kwa haraka kama anayekimbizwa. Mama alicheka, akachukua mkate mmoja, akaumega. Jibini likavutika katikati. Uso wake ukabadilika.

"Kageha, huu una mboga ndani, jibini hili ni kitoweo," alisema. "Mkate wenye mboga ni chakula." Akaurudisha kwenye sahani.

Mjanja amepata mjanja mwenzake, na mjanja huyo ndiye aliyemzaa. Machozi yalikuwa karibu kabisa aliposikia kengele ya baiskeli: mumewe, Phineas, karani wa serikali, anarudi kutoka kazini. Ayuma alijitanda leso kichwani, akageukia ukuta. Phineas naye, mtu wa adabu, alisimama nje ya ua wa michongoma, akawapa mgongo.

Kageha akamkimbilia na mkate mkononi. Alimweleza kwa kunong'ona kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, basi aamue: hiki ni chakula au si chakula? Phineas akauma. Akatafuna taratibu, akauma tena, akamaliza. Barazani mama hakutikisika. Kisha Phineas akasema kwa sauti, kama anayezungumza na michongoma.

"Hii ni tamu sana. Lakini mimi nikikulanga kitu kama hii, bado naulizanga obusuma iko wapi. Hii si chakula."

Hakuna mke aliyewahi kufurahia kuambiwa hajapika kama Kageha alivyofurahi siku hiyo. Alirudi barazani mbio, karibu ajikwae. Phineas akaisukuma baiskeli akaenda zake sokoni, ili watu wapate nafasi.

Ayuma alikula mkate wa kwanza. Akachukua wa pili. Wa tatu aliula akiwa amefumba macho, na Kageha, aliyeketi sakafuni mbele yake, hakuthubutu hata kupumua kwa nguvu. Mama alipomaliza alikusanya makombo yote kiganjani, akayala nayo, kisha akamshika binti yake shavu.

"Usimwambie mtu," alisema. "Leo nimekula kwako."