Spika Nyepesi za Mama

Msimu ule nyumba yetu ya Usoke ilinuka tumbaku mpaka kwenye uji. Baba alikuwa ameahidi kwamba akishauza angenunua redio yenye spika. Yeye alipenda dansi, gita la besi likitembea taratibu. Mama alikuwa na kanda moja tu, ya kwaya yetu ya Moravian, ambamo marehemu dada yake, mama mkubwa Tabitha, aliimba sauti ya kwanza. Redio yetu kuukuu ilishagoma kuzungusha kanda, na tangu mazishi mama hakuwa amemsikia tena dada yake.

Tukaenda Tabora mjini sote watatu. Muuzaji aliwasha hii, akazima, akawasha ile, lakini baba hakusikiliza hata moja. Alizinyanyua moja moja, kama apimavyo robota la tumbaku, kisha akazinusa kwa nyuma. Kwake, debe tupu haliachi kuvuma, basi kilicho kizito ndicho kilichojaa. Akachagua redio ya kanda yenye sabufa, spika kubwa ya besi, iliyomkunja mgongo. Muuzaji akamweleza kwa adabu kwamba ndani ya spika, mzee, huwa mna hewa tu. Baba akamwona mwongo.

Nyumbani dansi ilitikisa vikombe kabatini, na kuku wakahamia kwa jirani. Ilipofika zamu ya mama, zilitoka sauti za wanaume tu, zikinguruma kama wamefungiwa pipani. Mama alisubiri wimbo uishe.

"Baba Neema, dada yangu yuko wapi?"

"Labda bado hajafika," baba akajibu.

Mama hakucheka. Alikwenda kwenye katoni ya redio mpya, akatoa vispika viwili ambavyo baba alikuwa ameviacha humo kwa sababu ya wepesi wao, akividhani vya watoto kuchezea. Alipovichomeka, mama mkubwa Tabitha akaingia sebuleni mzima mzima. Mama akamfuata kwa sauti ya pili, amesimama, macho kafumba. Baba alikaa na kispika kimoja kiganjani, akikipima na kukipima tena.

Siku hizi wanangu huchagua spika za masikioni kwa rangi. Wimbo ule nimeuhamishia kwenye simu, na tangu tumzike mama mwaka huu nausikiliza kila nikipika. Namsikia kila mwimbaji, hata anayekohoa. Mama hayumo. Siku waliyorekodi alikuwa leba, akinizaa mimi.