Zohali, Si Sarateni

Wiki jana kazi ya uuguzi wa nyumbani ilinipeleka mji wa Hopkins, huku huku ughaibuni, kwa mgonjwa mpya, na huwezi kuamini, rafiki yangu: jengo ni lile lile tulilokaa nilipokuwa na miaka kumi. Milango wamebadilisha. Ngazi bado zinanuka zulia lililoloa theluji, nami nikasimama pale chini na mkoba wangu hadi mgonjwa akanipigia simu kuuliza nimepotelea wapi.

Januari ile tulikuwa na miezi mitano tu tangu tutoke Kenya. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na nyanya, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alikuwa amekuja kutulea. Kila nikitoka shule nilimenya vitunguu na kukanda unga wa chapati, nyanya akinisimamia kama mkaguzi. Siku moja habari zikaonyesha chombo kisicho na mtu kinachoizunguka Zohali, sayari ile yenye pete. Kilikuwa kimedondosha mtambo mdogo juu ya mwezi mkubwa wa sayari hiyo, nao ukatuma picha ya mawe. Nyanya aliduwaa mpaka chapati ikaungua. "Na baridi ya huko je?" akauliza. Nikamsomea kwenye skrini: karibu nyuzi mia na themanini chini ya sifuri. Akatazama dirishani, akasema basi afadhali Hopkins, kidogo.

Juma lile mwalimu wangu alitaka tuchore mabango ya sayari, kila mtu moja, na kuandika majina yake kwa lugha za kwetu. Mimi nilichora pete na miezi, na kile chombo nikakikata kutoka kwenye foili ya jikoni. Juu nikaandika ZOHALI kwa herufi kubwa. Bango likarudi jina limekatwa kwa kalamu nyekundu. Mwalimu alikuwa ametafuta mtandaoni akapata Sarateni, akaniambia nisiporekebisha, bango langu halitatundikwa ukutani pamoja na ya wenzangu.

Niliutaka ukuta ule kwa moyo wote. Darasani walinijua kwa kimya changu tu. Mama aliporudi kutoka kazini hoi akasema, "Si u-change tu, mamii? Ni word moja. Tusianze ku-fight na shule." Nyanya akaweka mwiko chini. Sarateni, akasema, ni kaa, lile kundi la nyota lenye umbo la kaa. Mtu alikosea zamani akaiandika kitabuni, na wengine wakanakili bila kuuliza.

"Mjukuu wangu hatachora kaa mwenye pete!"

Kesho yake alivaa makoti mawili, tukaenda shuleni kwa miguu, theluji ikilia chini ya viatu. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. "Mwambie nilifundisha neno hili kabla huo mtandao wake haujazaliwa." Nikamwambia hivyo hivyo, kwa Kiingereza changu kibovu, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mwalimu akatabasamu kwa upole, akasema yeye hana budi kufuata anachoweza kukihakikisha. Akaninyooshea kalamu. Niliiweka mezani.

Bango halikutundikwa. Muhula mzima nilipita ukutani pale nikiliona pengo baada ya Mshtarii, sayari inayoitangulia Zohali, na liliniuma, sitakudanganya. Lakini sikujuta hata siku moja. Nyanya alilibandika kwenye mlango wetu, upande wa nje, na majirani wote wa ghorofa ile wakajua kusema Zohali, hata wale wasiojua neno lingine la Kiswahili.

Mengi ya wakati ule yamekwenda. Nyanya tulimzika nyumbani. Chombo kile kilikaribia kuishiwa mafuta, wanasayansi wakakiongoza kikatumbukia na kuungua humo humo Zohali. Siku hiyo nililia kazini bila aibu. Sarateni lakini haijafa. Nikiikuta mtandaoni mahali panaporuhusu msomaji kusahihisha, naifuta. Mtu anairudisha. Naifuta tena.

Jana binti yangu, anayeelewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza, alikuwa akiandika majina ya sayari kwa Kiswahili, kazi ya shule. Akainua kichwa. "Mom, what if my teacher says it's wrong?"

"Andika Zohali," nikamwambia. "Wakikataa, nitakuja mwenyewe."