Povu Kwenye Kisima Chetu

Ulikuwa ule mwaka tuliokula ugali wa mahindi ya manjano ya msaada wa njaa, hata wageni tuliwapikia huo huo. Baba alikuwa amelima tumbaku juu ya kisima, hapa Kehancha, na mchana mmoja akaoshea bomba la kupulizia dawa pale pale ukingoni. Maji yalitoa povu jeupe na harufu kali iliyokwama kooni. Mimi nilifurahi, nikadhani Baba amekiosha kisima kwa sabuni. Vyura walinyamaza, nikasema wamelala. Leo najua walikufa. Nilichota maji, nikampa mdogo wangu Robi anywe kwanza. Alitapika hadi jioni, na tumbo lake halikutulia tena.

Juzi jirani alikuja kuniomba nimkodishe kipande hicho hicho cha shamba, alime tumbaku.

"Juu ya kisima changu hapalimwi tumbaku," nikamwambia.

Akacheka. "Nyanya, shamba iko juu, kisima iko huko chini. Kwani tumbaku ina miguu?"

"Mvua ndiyo miguu yake. Sikusoma, lakini Robi nilimnywesha mimi mwenyewe."

"Basi nitapuliza kidogo tu."

Nikasimama, nikamwonyesha njia.

"Juu ya kisima changu hapalimwi tumbaku."