Mpishi wa feri aliyefika Anholt kwa ubao wa wapinzani

Saa moja asubuhi, feri ikiwa bado imefungwa gatini Grenaa, pwani ya Denmark, Solvej Kragh anabandika sufuria ya mafuta na kupanga vipande vya samaki bapa kwenye sinia. Anavichovya kwenye yai, anavigaragaza kwenye chenga za mkate. Kabla ya kipande cha kwanza kuingia kwenye mafuta, anakwenda kwenye dirisha la mviringo, anafuta mvuke kwa kiganja na kuyatazama maji.

Abiria wanaomfahamu hawamuulizi nahodha kama bahari itachafuka. Wanamuuliza mpishi.

"Itatikisika kidogo tukishapita mitambo ya upepo," anamwambia mama mmoja mwenye mbwa. "Kikombe chako usikijaze."

Solvej ana miaka hamsini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo ameipitisha katika jiko hili la feri ya kisiwa cha Anholt, safari ya saa tatu kila upande. Siku akiwa mapumzikoni hujaribu kuivuka bahari hiyohiyo kwa njia nyingine: akiwa amesimama juu ya ubao mfupi kuliko yeye mwenyewe, akivutwa na tiara pana kama paa la kibanda, iliyounganishwa kwa kamba nne na mkanda wa kiunoni mwake.

"Watu huniuliza kama siichoki bahari," anasema huku akigeuza samaki. "Jikoni naiona kupitia tundu dogo kama sahani. Hiyo si kuiona."

Ufukweni, kusini mwa bandari, kuna banda moja la mbao linalotumiwa na makundi mawili. Upande mmoja ni wa wanaopanda ubao wenye tanga, ambao hujiita watu wa mlingoti. Upande wa pili ni wa wenye tiara, watu wa kamba. Katikati kuna ukuta wa mbao usiofika darini, kwa hiyo matusi hupita juu bila shida.

Watu wa mlingoti wakiona tiara zikitandazwa mchangani huuliza kama nguo zimekauka. Watu wa kamba wakiwaona wenzao wakishusha milingoti, matanga na mbao ndefu kutoka kwenye magari huuliza nani anahama nyumba. Imekuwa hivyo kwa miaka mingi, na hakuna anayeona haja ya kutafuta mzaha mpya.

Kila Septemba, upepo ukikaa vizuri, makundi yote mawili huvuka kwenda Anholt siku moja, kilomita zipatazo arobaini na tano, yakisindikizwa na mashua ya Tøger, mvuvi wa kambakochi wa kisiwani. Sheria ni moja: aliyegusa mashua hajavuka. Aliyevuka hupewa kulabu ndani ya banda ya kutundikia suti yake ya mpira. Ambaye hajavuka hutundika yake nje, kwenye uzio.

Kwa miaka sita Solvej alitundika nje.

Mtu wa bara anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Suti iliyolala nje Septemba huvaliwa asubuhi ikiwa na maji ya baridi mikononi na mchanga kwenye magoti. Lakini si baridi iliyomuuma.

"Nilikuwa nikiingia ndani kunywa kahawa kama mgeni," anasema. "Mpishi wa watu wote, anajua nani hali vitunguu na nani ana kisukari, halafu akimaliza kahawa anatoka nje kutafuta nguo yake kwenye uzio. Miaka sita."

Mara ya kwanza alichoka mapema. Mara ya pili alichagua tiara ndogo mno, kwa sababu ufukweni upepo ulimwonyesha nguvu ambazo mbele hazikuwepo. Mara ya tatu alifanya kosa ambalo bado linamtia aibu. Nusu ya njia kuna mitambo ya umeme wa upepo, imesimama baharini safu kwa safu. Upepo ukitoka kusini, mtu hupita kusini yake. Solvej, akitaka kufupisha njia, alipita kaskazini, nyuma ya mitambo.

"Mitambo ilikuwa imeshakula upepo," anasema. "Mimi nilipewa makombo."

Tiara ilianguka majini na haikunyanyuka tena. Tøger alimtoa kwa kumshika mkanda, akamwekea blanketi na kumwambia kuwa kwa mtu anayepita pale kila siku na feri, alitegemea zaidi. Utani huo ulifika bandarini kabla yake.

Michezo hii si ya bei rahisi kwa mpishi. Mshahara wake, kodi ikishakatwa, ni kama krona elfu ishirini na mbili kwa mwezi, na tiara mpya humeza zaidi ya nusu yake. Zote mbili alizonazo alizinunua zikiwa zimeshatumika. Moja ina viraka alivyovishona mwenyewe.

Halafu kuna goti. Mapema mwaka huu daktari alimwambia kuwa goti la kulia litabadilishwa Novemba, na baada ya hapo wataona. Solvej alitafsiri maneno hayo kwa namna yake: Septemba hii, au pengine basi.

Yeye ni mtu wa kanisa, huketi safu ya tatu kila Jumapili asiyokuwa zamu. Kabla ya kuingia majini hupiga goti zima lile moja kukagua kamba, na hapohapo husali. Hafichi.

"Siombi upepo mzuri," anasema. "Upepo ni wa wote, na wakulima nao wana maombi yao. Naomba nisiwe mjinga huko mbele."

Septemba hiyo waliondoka kumi na mmoja, upepo ukitoka kusini. Solvej alipita kusini ya mitambo, mbali nayo kabisa, na alipoiacha nyuma alikuwa miongoni mwa wanne wa mwanzo. Vilima vya mchanga vya Anholt vilionekana mbele. Kwa mara ya kwanza alihesabu kulabu ile kuwa yake.

Hapo ndipo alipomkuta Gorm Lassen ameketi.

Gorm, mwenye miaka sitini na mitatu, ni mpeleka barua mstaafu na ndiye mwenye mdomo mkali kuliko wote upande wa mlingoti. Kiungo cha mpira kinachoshika mlingoti kwenye ubao wake kilikuwa kimekatika. Ubao ulikuwa chini yake, tanga alilishika kwa mkono, na alikuwa amekunja miguu kama mtu anayesubiri basi.

Kwenye redio ndogo ambayo kila anayevuka huibeba, Tøger alisema yuko nyuma ya mitambo, anamtoa mtu mwingine, na kwamba atachelewa. Waliokuwa mbele walikuwa mbali mno kuona kitu.

Makundi yote mawili yana desturi moja isiyotaniwa: aliyekaa majini haachwi peke yake mpaka mashua ifike. Lakini mtu wa tiara hawezi kusimama akasubiri. Akisimama, anazama. Ilimbidi Solvej aende na kurudi mbele ya Gorm, aende na kurudi, na kila alipogeuka alisikia upepo ukilegea kwenye kamba. Ubao wake mdogo ulianza kuzama kwenye visigino.

Alijua maana yake. Akiendelea peke yake wakati ule, atafika. Akisubiri mashua, tiara itaanguka kama mwaka ule mwingine, na mkono wa Tøger utamshika mkanda.

Gorm naye alijua. Anasimulia kwamba alimwambia aende zake, na kwamba Solvej alimjibu neno ambalo gazeti haliwezi kuliandika.

"Alipita tena, maji yamemfika magotini," anasema Gorm. "Nikamwambia, dada, panda hapa kabla hujazama. Ubao ninao, upepo sina. Wewe unao upepo, ubao huna."

"Nilidhani ananitania," anasema Solvej. "Mzee huyu hajawahi kuniambia kitu cha maana tangu tufahamiane."

Lakini ilikuwa kweli. Upepo uliobaki haukutosha kumbeba mtu juu ya ubao mdogo wa tiara. Ulitosha, hata hivyo, kuvuta ubao mkubwa wa Gorm, ambao huelea wenyewe na kubeba watu wawili. Gorm alifungua kamba ya tanga lake, akamtajia Tøger redioni mahali lilipo, na kuliachia. Lilikuwa tanga jipya. Hakulitazama likienda.

Solvej alikaa mbele, miguu pande zote mbili, tiara ikiwa juu mbele yao. Gorm alilala nyuma kwa tumbo, ubao mdogo wa Solvej ukiwa chini ya kifua chake, akielekeza kwa miguu. Mwendo ulikuwa wa polepole kiasi kwamba waliweza kuzungumza. Gorm alilalamika kuhusu mbavu. Solvej alimweleza kuwa abiria wa daraja lake huwa hawalalamiki. Kisha, wanasema wote wawili, Solvej alisali, safari hii kwa sauti, na Gorm ambaye haendi kanisani aliitika amina kwa sababu, anasema, haikuwa siku ya kubishana.

Walifika. Tiara ilitua mchangani, na wote wawili wakabaki wamelala ukingoni, nusu majini, mpaka watoto wa kisiwani walipokuja kuwauliza kama ni wazima.

Kesi ya kama Solvej amevuka au hajavuka ilisikilizwa kesho yake kwenye feri ya kurudi, katika kantini ya Solvej mwenyewe, yeye akiwa abiria na mwenzake wa zamu akimuuzia kahawa. Hakimu alikuwa Tyge Brandt, mwalimu wa hesabu na mkuu wa watu wa kamba, mtu mpole asiyependa sheria ichezewe.

Tyge alianza kwa kumsifu. Alisema hakuna mmoja wao ambaye angefanya zaidi. Kisha akasema kuvuka kwa watu wa kamba ni kuvuka kwa ubao wako, na huo haukuwa ubao wake. Wenzake wa kamba walitazama meza. Walimpenda Solvej na walijua Tyge anasema kweli.

Watu wa mlingoti ndio waliochachamaa. Walisema sheria inataja mashua, haitaji ubao. Walisema mpaka sasa kitu pekee cha wawili hao kilichogusa mashua ni tanga la Gorm, na kama ni lazima mtu anyimwe kulabu, linyimwe tanga. Mwalimu alicheka lakini hakulegea.

Mbavu zilikuwa zikimuuma Gorm. Alisubiri mpaka kelele zikapungua.

"Sawa, mwalimu," alisema. "Kafika kwa ubao gani?"

"Wako," alisema Tyge.

"Ubao wa mlingoti. Kavuka nao kutoka pale mitamboni mpaka mchangani, mashua hakuigusa. Basi huyu ni wetu. Kulabu yake tutaigongelea upande wetu."

Mwanachama wa kamba, miaka sita, kuchukuliwa na watu wa mlingoti mbele ya abiria. Mmoja wa watu wa kamba alipendekeza kura ya haraka. Tyge, uso umemwiva, alisema labda jambo hili litazamwe upya.

Solvej aliweka kikombe chini. Alimwambia mwalimu asijisumbue, kwa sababu alichosema ni kweli na yeye angesema hivyohivyo. Kisha akamgeukia Gorm na kumuuliza kulabu yenyewe ni ya chuma au ya plastiki.

Ni ya chuma. Gorm aliigongelea Jumatatu, kwa misumari miwili zaidi ya iliyohitajika.

Sasa ni mwisho wa Oktoba. Samaki wa mwisho wa asubuhi ametoka kwenye mafuta, na Solvej anakaa kwenye kreti kupumzisha mguu. Upasuaji ni baada ya wiki tatu. Mkuu wa zamu amemwahidi kazi ya kukaa, kwenye dirisha la tiketi, mpaka goti likubali kusimama. Daktari amesema mwaka mzima bila ubao, pengine zaidi. Solvej amemwambia mwaka mzima sawa, hiyo ‘pengine’ wataizungumza.

Mpango wake ni kuvuka tena, kwa ubao wake mfupi, peke yake, kutoka mchanga hadi mchanga. Tyge ameshamwambia kuwa nafasi ya kulabu upande wa kamba imeachwa wazi, na kwamba hakuna atakayepewa kabla yake.

Je, akifika atahamisha suti?

Anafikiri, akifuta mikono kwenye aproni.

"Nitahama, ndiyo. Nilikaa nje miaka sita kwa ajili ya upande ule," anasema. "Lakini si siku hiyohiyo. Watu wa mlingoti walijenga kwanza, kwa hiyo jiko la kuni la kupasha banda joto liko upande wao. Nitaiacha suti ikauke kwanza."